Kukisia Si Kupima

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kuwa mali ndogo haihitaji daftari. Mwenye duka aandikaye shilingi na kuacha senti, kwa hoja kwamba senti si kitu, hana daftari la biashara yake. Ana daftari la yale aliyoona raha kuyaandika. Siku hesabu itakapokataa kulingana hatajua kama ameibiwa, au amekosea, au amejidanganya mwenyewe. Kila mchuuzi wa sokoni anajua jambo hili. Ajabu ni kwamba katika kazi mojawapo yenye elimu nyingi mno katika zama zetu, jambo hili limesahauliwa kwa hiari, na kusahauliwa kwake kumetiwa katika kanuni.

Kazi yenyewe ni ufuaji wa umeme kwa nguvu za atomiki, na kanuni ninayoisema ni mwongozo uliotolewa mwaka 2009 na tume inayosimamia mitambo ya nyuklia ya Marekani, nchi yenye vinu vingi kuliko nchi nyingine yoyote. Mwongozo huo unakiri kwamba kaboni 14 imekuwa miongoni mwa vitu vikuu vyenye mionzi vitokavyo katika mitambo ya umeme. Unaruhusu kiasi kinachotoka kwa njia ya hewa kikadiriwe kwa hesabu, kutokana na wingi wa umeme uliofuliwa, bila kupimwa. Kisha, juu ya maji machafu, unasema kwamba madhali athari ya kaboni hiyo kwa njia ya maji ni ndogo sana kuliko ile ya njia ya hewa, tathmini yake katika maji hailazimiki. Nimeandika makala haya kushindana na neno hilo la mwisho. Mlango ulioachwa wazi na mkubwa, wadogo watapita bila kuuliza. Na sisi wa Afrika ya Mashariki tumo mbioni kuwa miongoni mwa wadogo hao.

Hapana budi kwanza tukijue kitu tunachokigombania. Kaboni ni jamaa wa kila kilicho hai. Imo katika ugali na katika mafuta, katika mkaa wa jikoni na katika pumzi tunayoitoa. Karibu yote ni ya namna mbili, ya uzito wa 12 na ya uzito wa 13, nazo zimetulia. Namna ya tatu, yenye uzito wa 14, haikutulia. Atomu zake huvunjika moja baada ya moja na kila ivunjikapo hutoa mshale mdogo wa mionzi. Iligunduliwa na Martin Kamen na Sam Ruben huko Berkeley, California, mwaka 1940. Huzaliwa siku zote juu angani, mionzi itokayo mbali inapoipiga hewa ya naitrojeni, na kwa sababu hiyo kila kiumbe kina kidogo ndani yake. Katika mwili wa mtu mzima atomu zaidi ya elfu tatu za kaboni 14 huvunjika kila sekunde, nasi tunakula, tunalala na kuzeeka bila kuzisikia. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba nimekuja kumtisha kwa jini asiyemjua. Jini huyu tumezaliwa naye.

Lakini kaboni 14 huzaliwa pia ndani ya kinu cha nyuklia. Nyutroni hupiga oksijeni ya maji yanayokipoza kinu, hupiga naitrojeni iliyoyeyuka katika maji hayo au iliyobaki katika fueli, na katika mapigano hayo kaboni 14 hutokea. Katika vinu vya kawaida sehemu kubwa yake hutoka kwa bomba la hewa. Sehemu ndogo hubaki katika maji, na maji hayo, baada ya kusafishwa vitu vingine, humwagwa mtoni, ziwani au baharini. Nusu ya kaboni hiyo huhitaji miaka 5,730 kupotea. Nusu ya nusu iliyobaki huhitaji miaka mingine kama hiyo. Mapiramidi ya Giza, ambayo kwetu ni mfano wa ukongwe, hayajatimiza miaka 5,000.

Kwa nini basi kitu chenye umri kama huo kiachwe bila kupimwa? Sababu ya kwanza haimo katika hatari yake bali katika tabia yake. Vitu vingi vyenye mionzi vina sauti. Sesiamu 137 na kobalti 60 hutoa mionzi ya gama, ipenyayo chupa. Fundi huweka sampuli ya maji mbele ya chombo chake, na kila kimoja hujitaja kwa jina. Kaboni 14 haitoi gama. Hutoa beta dhaifu tu, isiyoweza kupenya karatasi chache zilizopangwa pamoja. Atakaye kuipima hana budi kuchukua maji, kuigeuza kaboni iliyomo kuwa hewa kwa asidi na kwa kuichoma, kuinasa hewa hiyo katika dawa, kuitenga na tritiamu ambayo nayo ni ya beta dhaifu, kuichanganya na kimiminika kinachotoa vimulimuli vya nuru kila atomu inapovunjika, kisha kuvihesabu vimulimuli hivyo gizani kwa saa nyingi. Hii ni kazi ya mkemia mwenye subira. Haimalizwi kwa kubonyeza kitufe. Kwa hivyo uvivu, ambao ni maradhi ya wajinga na wataalamu sawasawa, ukafanya kazi yake: kilicho chepesi kupimwa kikahesabiwa kuwa kikubwa, na kilicho kigumu kupimwa kikahesabiwa kuwa kidogo.

Watetezi wa kanuni hii si watu wapumbavu, na hoja zao zastahili kusikilizwa moja moja.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kiasi ni kidogo. Nakubali. Kwa kadiri ijulikanavyo, mtu alaye samaki waliovuliwa karibu na mtambo wa umeme wa kawaida hupata kutokana na kaboni hiyo mionzi michache kuliko ile anayoipata kila siku kwa maumbile ya dunia. Lakini nauliza: udogo huu umejulikanaje? Kama umejulikana kwa kupima, basi kupima kunawezekana na kuendelee. Kama umejulikana kwa kukisia, basi hatuna udogo. Tuna dhana ya udogo. Na udogo wa kitu kwa kulinganishwa na jirani yake ni cheo tu, nacho cheo hubadilika. Mwongozo ule ule wa mwaka 2009 unashuhudia. Kaboni 14 haikupanda daraja katika hewa ya mitambo kwa sababu iliongezeka. Ilipanda kwa sababu vitu vingine vilipunguzwa kwa fueli bora na machujio bora, wakubwa wakaondoka, na yeye aliyekuwa nyuma akajikuta mbele. Hakuna azuiaye jambo hilo kutokea katika maji. Kila tutakapoyasafisha maji vizuri zaidi, ndivyo yule tusiyemsafisha atakavyokuwa mkubwa zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakijazwi na punje kubwa peke yake.

Zaidi ya hayo, udogo wa kitu katika maji si udogo wake katika samaki. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilichapa mwaka 2004 kitabu cha vipeo vya kulinganisha maji ya bahari na viumbe wake. Kwa tritiamu iliyo katika maji kipeo cha samaki ni 1, yaani samaki ana kiasi kile kile kilicho katika maji yanayomzunguka. Kwa kaboni kipeo hicho ni 20,000. Hapana uchawi hapa. Samaki amejengwa kwa kaboni, na maji ya bahari yana kaboni chache. Kijani kidogo cha baharini huivuta, mdudu hula kijani, samaki hula mdudu, na mtu hula samaki. Kaboni 14 hufuata njia ile ile ya ndugu zake waliotulia, kwa kuwa kiumbe hana jicho la kuzitofautisha. Haizidi bila mwisho katika mwili wake, na asemaye hivyo anakosea; lakini asemaye kwamba imepotea katika wingi wa bahari anakosea vile vile.

Hoja yao ya pili ni kwamba hesabu inatosha. Kinu, wanasema, hakina siri: ukijua kimefua umeme kiasi gani, unajua kimezaa kaboni 14 kiasi gani. Hili pia nalikubali nusu yake. Hesabu yaweza kukuambia kiasi kilichozaliwa. Haiwezi kukuambia kimetoka kwa mlango gani. Kaboni hiyo huenda ikawa hewa ya methani, au hewa ukaa, au chumvi iliyoyeyuka katika maji, au sehemu ya dawa zinazotumika mtamboni. Na kila umbo lina njia yake. Hubadilika kwa namna ya kinu, kwa kemia ya maji yake, kwa hali ya vichujio. Mtu ajuaye idadi ya watoto waliozaliwa katika mji hajui kwa hilo ni wangapi walioelekea pwani na wangapi walioelekea bara.

Mfano upo, ingawa hautoki katika mtambo wa umeme. Huko Sellafield, pwani ya kaskazini magharibi ya Uingereza, palikuwa na kiwanda cha kuchambua fueli iliyokwisha kutumika, kazi iliyokoma mwaka 2022. Tangu mwaka 1994 sehemu kubwa ya kaboni 14 iliyokuwa ikipandishwa kwa bomba la hewa ilinaswa na kuelekezwa baharini. Mlango ulibadilishwa, na bahari ikapokea kilichokuwa cha anga. Wanasayansi walioifuata nyayo zake waliikuta katika kombe, samaki na wanyama wa Bahari ya Ireland, na zaidi kaskazini mpaka pwani ya magharibi ya Uskoti. Dhara kwa walaji lilionekana kuwa dogo, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini angalia, msomaji, kwamba hata neno hilo la faraja lina thamani kwa sababu moja tu: kwamba watu walikwenda pwani, wakaokota kombe na kupima.

Hoja yao ya tatu ni gharama na ugumu. Hii ndiyo hoja nisiyoweza kuivumilia. Elimu ya kaboni 14 si changa. Mnamo mwaka 1949 Willard Libby na wenzake walionyesha njia ya kujua umri wa vitu vya kale kwa kuhesabu kaboni hiyo, na kwa kazi hiyo Libby alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Tangu hapo wataalamu wameokota kipande cha mkaa katika jiko la watu waliokufa zamani, wakakihesabu, na kusema kilichomwa lini. Katika kaboni ya kiumbe aliye hai atomu moja tu miongoni mwa takriban milioni milioni ndiyo yenye uzito wa 14, na katika mkaa wa kale ni chache zaidi, nazo zinahesabika. Je, elimu iwezayo kuhesabu kaboni 14 katika majivu ya miaka elfu ishirini inashindwaje kuihesabu katika maji ya jana? Kinachokosekana si chombo wala akili. Kinachokosekana ni amri.

Na penye amri, kazi inafanyika. Nchini Kanada, ambako vinu vya maji mazito huzaa kaboni 14 nyingi kuliko vinu vya kawaida, mitambo ya Ontario hutoa taarifa ya kaboni 14 kwa njia ya hewa na kwa njia ya maji. Nchini Ufaransa vibali vya mitambo ya umeme vina kikomo cha kaboni 14 katika maji, kilichotajwa kwa jina lake, mbali na tritiamu na mbali na iodini. Nchi hizi hazikufilisika kwa kulipa mshahara wa mkemia. Ikiwa kwao imewezekana, asemaye kwamba haiwezekani kwingine na aseme wazi kwamba hataki.

Atakaye kuona hasara ya kuacha jina nje ya daftari na autazame mtambo wa Fukushima Daiichi katika Japani. Baada ya tetemeko na mawimbi makubwa ya Machi, 2011, maji yaliyogusa fueli iliyoyeyuka yalikusanywa katika matangi yaliyozidi elfu moja. TEPCO, kampuni yenye mtambo, iliweka mashine za kuyasafisha zilizoundwa kuondoa namna 62 za vitu vyenye mionzi. Tritiamu haikuwamo, kwa kuwa mashine hizo haziwezi kuitenga na maji, na umma uliambiwa hivyo. Kaboni 14 nayo haikuwamo katika hizo 62. Lakini mazungumzo ya miaka mingi mbele ya umma yalikuwa juu ya tritiamu, kana kwamba ndiyo peke yake iliyobaki. Kisha hesabu ikakataa. Wapimaji walipojumlisha vitu vikuu walivyovipima kimoja kimoja, jumla haikulingana na kipimo cha beta yote kwa pamoja. Palikuwa na ziada isiyo na mwenyewe. Ilipotafutwa ilionekana kuwa ni kaboni 14 pamoja na teknetiamu 99. Kufikia mwaka 2020 dunia ilikuwa imekwisha kulisikia jina ambalo lingepaswa kutajwa tangu tangi la kwanza.

Insafu inanilazimu kusema na upande wa pili. Kaboni iliyoonekana katika matangi yale ilikuwa chini sana ya kikomo cha sheria ya Japani, ambacho ni bekereli 2,000 kwa lita. Siku hizi jina lake limo katika orodha ya vitu vinavyopimwa kabla ya kila kumwaga. Maji yalipoanza kumwagwa baharini tarehe 24 Agosti, 2023, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikuwa limekwisha kusema, mwezi mmoja na zaidi kabla yake, kwamba mpango huo unapatana na kanuni za usalama za kimataifa. Sina kipimo cha kulipinga neno hilo, wala sina haja. Neno langu ni jingine. Pale Fukushima kaboni 14 ilivumbuliwa kwa sababu macho ya dunia nzima yalikuwa juu ya matangi, na kwa sababu kila lita ilikuwa na wadai. Katika mtambo wa kawaida, usio na msiba, usiotembelewa na waandishi wa magazeti, na ambao kanuni yake imeusamehe tathmini, ni nani atakayegundua kwamba jumla haikulingana? Jumla hailingani wala haikosi kulingana pale ambapo hapana aliyejumlisha.

Na hasara ya daftari lenye pengo huwaangukia watu ambao hawakuliandika. Siku ile ile maji yalipoanza kumwagwa, China ilipiga marufuku samaki na mazao yote ya bahari ya Japani. Sidai kwamba kaboni 14 ndiyo iliyoleta marufuku ile. Siasa ilikuwa na mkono mrefu ndani yake. Nadai kwamba kila jina lililochelewa kutajwa lilikuwa zawadi kwa mwenye kutaka kushuku. Aliyelipa si aliyechelewa kulitaja. Aliyelipa ni mvuvi, ambaye hajui kinu kikoje ndani, na ambaye asubuhi moja alikuta kombe lake halina mnunuzi.

Kwa hiyo nina ugomvi pia na baadhi ya wale wanaosimama upande wangu. Wako wanaopita wakitangaza kwamba kaboni 14 ni sumu iliyofichwa katika kila samaki, na kwamba mwenye kumla amekwisha kufa. Hao ni wakisiaji vile vile. Tofauti yao na wenzao ni kwamba mmoja hukisia sifuri na mwingine hukisia kiyama. Mtu akiogopeshwa kwa uongo mara mbili, mara ya tatu hataogopa kweli. Mizani haina chama. Ikisema ni kidogo, tuandike ni kidogo, kwa tarakimu na tarehe, na mtisha watu anyamaze. Ikisema ni kingi, tuandike ni kingi, na mtuliza watu anyamaze. Mpaka hapo wote wawili hawana haki ya kutusemesha kwa sauti ya juu.

Sasa nageukia nyumbani, maana jambo hili si la ng'ambo peke yake. Kufikia leo Afrika ina mtambo mmoja tu wa umeme wa nyuklia, Koeberg, katika Afrika ya Kusini, na Misri inajenga wake huko El Dabaa. Kenya nayo imekuwa na nia hiyo kwa miaka mingi. Mahali palipotajwa kwanza kwa nguvu ni Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, jirani na Watamu na hori ya Mida, ambako mikoko ni malezi ya samaki na samaki ni riziki ya watu. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo waliandamana kuupinga mpango huo. Baadaye macho ya serikali yakageukia Kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, ziwa la mataifa matatu, ambalo maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, nao ni Nile. Sisemi hapa kwamba mtambo usijengwe, wala sisemi ujengwe. Hilo ni shauri jingine, nalo lina wenyewe. Nasema kwamba popote utakapojengwa, mwenye kumwaga maji yake mbele ya mlango wa mvuvi na amwoneshe mvuvi hesabu.

Na hesabu yenyewe iwe namna gani? Kaboni 14 katika maji machafu ipimwe kwa jina lake, isifichwe chini ya jumla ya beta yote. Ipimwe katika maumbo yake mawili, ile iliyo katika chumvi na ile iliyoshikamana na dawa na vitu vya asili ya uhai, kwa kuwa mwenye kupima umbo moja na kuita ni yote amepima nusu na kuapa juu ya nzima. Ipimwe na mkono wa mwenye mtambo, kisha ipimwe tena na mkono mwingine usiokula mshahara wake. Chuo kikuu chaweza kuwa mkono huo, nacho kingepata humo kazi ya heshima kwa wanafunzi wake. Tarakimu zitangazwe kwa lugha ambayo mtu wa pwani na mtu wa ziwani huisoma, yaani hii tunayoandika hapa.

Lakini lililo la kwanza kwa wakati ni hili: samaki, kombe, mwani na matope yapimwe kabla kinu cha kwanza hakijawashwa. Watu wengi hawaoni uzito wa jambo hili. Kaboni 14 ya dunia haikusimama mahali pamoja. Majaribio ya mabomu ya atomiki angani yalikaribia kuiongeza maradufu katika hewa ya nusu ya kaskazini ya dunia kufikia katikati ya miaka ya 1960, na tangu mataifa makubwa yalipopatana mwaka 1963 kuacha kuyalipua angani, imekuwa ikishuka. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe, ambao hauna kaboni 14 kwa kuwa ni wa zamani mno, unazidi kuipunguza nguvu. Maana yake ni kwamba kiasi cha asili cha leo si cha jana, wala hakitakuwa cha kesho. Asiyepima kabla hataweza kuthibitisha baada. Mvuvi akilalamika hatakuwa na ushahidi; na mwenye mtambo akisingiziwa hatakuwa na ushahidi. Watagombana maisha yao yote kwa makisio, na atakayeshinda ni mwenye wakili bora.

Najua jibu litakalokuja. Litasema kwamba nchi maskini zenye giza haziwezi kuanza safari kwa kujitwika mizigo ambayo Marekani yenyewe haikujitwika. Jibu hili limevaa joho la busara, lakini ndani yake mna kujidharau. Mwanafunzi hafuati makosa ya mwalimu kwa kuwa mwalimu ni tajiri. Na mtu awezaye kulipa mabilioni kwa kinu, kisha akakosa fedha ya mizani, hakukosa fedha, alikosa nia.

Asiyekuwepo na lake halipo, husema Waswahili. Katika mabaraza ambako kanuni hizi zinaandikwa, samaki hayupo, wala mvuvi hayupo. Hayupo pia mtoto atakayezaliwa miaka 5,730 baada ya leo, naye atakuta nusu ya tulichomwaga bado ipo. Hatutaweza kumwomba radhi wala kumpa sababu. Tunachoweza kumwachia ni daftari safi, lenye kila jina na kila tarakimu, ili ajue kwamba waliomtangulia, hata kama walimwaga, walipima kwanza.